Mikaratusi ya Ukingo Wetu

Mashimoni, Jumapili alasiri

Mwanangu Kageha,

Nisamehe kwa kunyamaza. Watu wengine huomba radhi kwa kimya chao kwa sababu walikuwa mbali. Mimi sikuwa mbali. Tumelala katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, tumekunywa chai ya sufuria moja, na kwa wiki saba sijakuambia neno lolote ila kupitia kwa mama yako. "Mwambie mwanao anipe chumvi." "Mwambie mwanao afunge dirisha." Juzi mama yako aliweka mwiko chini akasema, "Baba Kageha, mimi si posta. Mtoto ndiye huyo hapo, ukinyoosha mkono unamgusa." Wewe ulicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, nikajizuia.

Sasa mmekwenda Kawangware kumuaga shangazi yako na kuichukua cherehani. Mtarudi kabla ya giza. Ninaandika upesi, kwa kuwa ninajijua: ukiingia na kunikuta nimeshika kalamu, nitaifunika karatasi na kusema kwamba ninasahihisha kazi za wanafunzi wangu wa Riruta. Barua hii nitaiweka ndani ya kikasha cha nyuzi. Utaikuta ukiwa umefika kule kijijini. Ni afadhali hivyo, kwa sababu siwezi kukaa mbele ya mtu anayesoma mambo haya.

Habari za mizigo, sweta na dawa ya malaria mama yako amekwisha kukueleza, na nyingine amezieleza mara tatu. Sina la kuongeza hapo.

Nitaanza na ile siku niliponyamaza. Ulikuwa umerudi kutoka nyumbani, baada ya kukaa kule miezi minne tangu tulipomzika nyanya yako. Uliketi kitandani, ukavua viatu, ukasema, "Baba, nimedecide. Narudi kule kabisa. Nitakaa kwa nyumba ya shosho, nishone nguo pale sokoni."

Nilikusahihisha. "Katika nyumba ya nyanya."

"Haya, katika nyumba ya shosho."

Mama yako alicheka hadi akashika ubavu. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote. Kisha ukaacha kutabasamu, ukasema kwamba akina mama wa pande zote mbili za kijito wamekutuma. Mikaratusi yangu ikatwe. Chifu amesema haikatwi bila barua ya mwenyewe, na siku ya kuzibua inakaribia. Ukamalizia, "Lakini Baba Japheti amesema tusikusukume. Uandike ukiwa tayari."

Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya miti. Sivyo. Nilizibwa kinywa na maneno mawili, Baba Japheti. Ninajua kwamba kwetu mtoto humwita kila rika la babake baba, na kwamba ungemwita kwa jina tupu ningekukemea. Ninajua hayo yote. Hata hivyo niligeukia ukuta.

Nitakueleza sasa jambo ambalo hata mama yako halijui. Inanibidi nianzie mbali kidogo, kwenye kijito chenyewe, kwa maana wewe umekikuta kikiwa uzi tu.

Nilipokuwa mtoto, Lusava haikuwa mto mkubwa. Mvulana aliyejaliwa miguu mirefu angeweza kuiruka wakati wa kiangazi. Lakini haikukauka hata mwaka mmoja. Ilitoka chini ya mwamba, baridi kiasi cha kuuma meno, ikashuka mlima kati ya koo mbili: sisi wa ukingo huu wenye ardhi tambarare, na wao wa ng'ambo wanaolima kwenye mteremko. Lugha yetu ni moja, lakini kila upande ulidai kwamba wenzao wanaiharibu. Wao walisema sisi tunazungumza kama watu wenye kiazi cha moto mdomoni. Sisi tulisema kwamba wao, kwa kulima mlimani, wana mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Wasichana wetu waliolewa kwao, wa kwao wakaolewa kwetu, na matusi hayo yakahamia jikoni.

Siku ya kuzibua unaifahamu, ingawa umeiona ikiwa imechakaa. Kabla ya mvua ndefu kukolea, kila boma hutoa mtu mmoja mwenye jembe, kuondoa tope na majani yanayoziba maji. Jambo lililokuwa la lazima, na ambalo sijaliona mahali pengine popote, ni kwamba mtu hazibui ukingo wake. Sisi tulivuka tukazibua ukingo wao, na wao wakavuka wakazibua wetu. Kila boma lilikuwa na boma lake la ng'ambo, jozi yake. Mtu akizembea, hakujidhuru mwenyewe, alimdhuru mwenzake, na mwenzake alikuwa amesimama papo hapo akimtazama. Jioni, aliyezibuliwa alimlisha aliyemzibulia. Hapakuwa na mazungumzo juu yake. Chakula kiliwekwa tu. Kando ya maji hapakupandwa kitu chenye mzizi mkubwa kuliko nduma, yale magimbi yetu, na matete. Hilo nalo halikuandikwa mahali.

Jozi yetu ilikuwa boma la kina Japheti. Baba yake alizibua ukingo wetu, baba yangu akazibua wa kwao. Mimi na Japheti tulikuwa watoto wa kuchota tope kwa mikono. Alikuwa na nguvu kunishinda na hakuwa na maneno. Mimi nilikuwa na maneno. Nilipofaulu mtihani nikaenda chuo cha ualimu, yeye alibaki. Mwalimu wangu wa Kiswahili, mzee wa kutoka pwani, alinifunza kwamba sentensi isiyo na upatanisho ni kama mtu aliyevaa shati kinyume. Niliyashika mafunzo hayo kwa moyo wote. Nilianza kusahihisha watu. Nilipokuja likizoni nilimsahihisha hata mama yangu, na yeye, Mungu amrehemu, alikuwa akijaribu.

Kisha nikapata kazi Nairobi. Baba akafa. Boma letu likabaki na mtu mmoja, nyanya yako, na siku ya kuzibua ilipofika, mtu wa kuvuka kwenda kuzibua ukingo wa kina Japheti nilikuwa mimi. Sikwenda. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba nina mitihani ya wanafunzi. Mwaka wa pili sikuandika. Nyanya yako alichukua jembe mwenyewe akavuka. Nilikuja kusikia kwamba Japheti alimpokonya lile jembe katikati ya maji, akamwambia, "Mama, kaa. Nitafanya pande zote mbili." Akafanya. Akaendelea kufanya hivyo miaka yote. Hakuna mtu mwingine katika kijito kile aliyewahi kuzibua kingo mbili.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilijihisi nimeibiwa.

Likizo moja ya mwezi wa nne nilifika nyumbani bila kutoa habari. Ilikuwa jioni ya siku ya kuzibua. Sikuwa nimekumbuka kwamba ni siku hiyo. Nilisikia kicheko cha mama kutoka njiani. Kageha, sikuwa nimemsikia mama yangu akicheka hivyo tangu baba afe. Nilipoinama kuingia mlangoni nilimkuta Japheti ameketi kwenye kigoda cha baba yangu, tope limemkauka hadi magotini, anakula nduma katika bakuli la bati ambalo baba hakumwachia mtu. Waliponiona wakaacha kucheka. Japheti akasimama, akapangusa mkono kwenye suruali, akaninyooshea.

"Mwalimu! Karibu, karibu ndani."

Alinikaribisha katika nyumba ya baba yangu. Hakuwa na nia mbaya. Najua sasa, na nadhani hata wakati ule nilijua. Niliuliza walikuwa wakicheka nini. Mama akasema, "Si kitu, mwanangu, ni mambo ya hapa tu."

Maneno hayo niliyabeba hadi Nairobi. Mambo ya hapa tu.

Mwaka uliofuata nilirudi na miche ya mikaratusi kutoka kitalu cha serikali, nikaipanda safu mbili katika ukingo wetu, kutoka kwenye jiwe la kufulia hadi kwenye mpaka. Wazee wa pande zote mbili waliita mkutano. Nilisimama mbele yao na suti yangu, nikazungumza kwa saa nzima, Kiswahili safi. Niliwaambia kuhusu maendeleo. Niliwaambia kuhusu nguzo, mbao na mmomonyoko wa udongo. Niliwaambia kwamba ukingo wenye miti hauoti majani, na kwa hiyo hautahitaji kuzibuliwa na mtu yeyote. Hakuna aliyeweza kunijibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na maneno kama yangu. Japheti peke yake ndiye aliyeuliza.

"Na miti hii, Mwalimu, itakunywa nini?"

"Mvua," nikasema. "Au kwenu mvua hainyeshi?"

Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka kidogo, akaketi. Kwa miaka mingi nilijivunia jibu lile. Nililisimulia hata katika chumba cha walimu.

Sababu yangu haikuwa maendeleo, mwanangu. Nilitaka ukingo wetu usiwe na kazi. Kama hauna kazi, Japheti hana sababu ya kuvuka. Kama havuki, halishwi. Kama halishwi, haketi kwenye kile kigoda, na mama yangu hana wa kucheka naye mpaka nije mimi. Hiyo ndiyo sababu nzima. Niliipanda ile miti ili mtu mmoja asile nduma kwa mama yangu.

Wewe umeiona ilivyokuwa. Miaka mitano ya kwanza watu waliisifu. Baadaye nduma za ukingo wetu zikageuka manjano. Kisha za ng'ambo. Matete yakakonda. Kiangazi kimoja maji hayakufika kwenye jiwe la kufulia, na nyanya yako, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kuchoka, ilimbidi ashuke hadi kidimbwi cha chini, mbali na nyumbani. Nani alimbebea maji? Unajua nani. Asubuhi na jioni, mtungi begani, kila siku ya Mungu, kwa sababu ya miti niliyoipanda ili asifike pale. Awali alikuja mara moja kwa mwaka. Mimi nilimleta mara mbili kwa siku.

Nyanya yako hakunilalamikia. Barua zake, alizoandikiwa na watoto wa shule, zilisema tu kwamba maji yamekwenda chini kidogo. Habari kamili niliipata kutoka kwako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umetoka huko likizoni, umeng'aa kama sahani. Ulikuwa umesimama hapa mlangoni, mama yako amerudi na maji kutoka kioskini, ukamwambia, "Maji ya hapa yananuka bomba. Ya kule Baba Japheti anatuletea, ni baridi! Na ananifundisha kupiga mluzi na jani." Ukapiga mluzi na jani la sukuma wiki, haukutoka.

Mwaka uliofuata nilikataa usiende. Nilisema alama zako za hesabu zimeshuka. Mwaka uliofuata tena nikakataa. Ulilia nyuma ya pazia hili hili, na nyanya yako alikuwa amekushonea mkeka. Alama zako za hesabu hazikuwa na ubaya. Ninaomba radhi kwa likizo hizo mbili. Najua haziwezi kurudishwa, na nyanya naye hayupo.

Nilipostaafu, wenzangu wengi walirudi makwao. Mama yako aliniuliza, na majirani wakauliza, na mimi nikajibu kwamba shule ile ndogo ya Riruta inanihitaji, na kwamba mama yako ana kibanda chake pale soko la Toi na wateja wake wa nguo za watoto. Yote ni kweli. Lakini mtu anaweza kusema kweli tano ili kuificha moja. Sikuweza kuishi mahali ambapo ningemwona mtu yule kila asubuhi akipita mlangoni kwangu na mtungi wa maji ya mama yangu.

Kisha mazishi. Wewe ulitangulia na mama yako. Mimi nilifika siku iliyofuata. Kwenye lango nilimkuta mwanamke kijana, mke wa mtu aliyeolewa majuzi, akipokea wageni.

"Karibu, mgeni. Umetoka upande gani?"

"Mimi ni mtoto wa hapa."

"Wa hapa wapi, mzee? Mtoto wa huyu mama si ni Japheti?"

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu alimkemea, "Nyamaza wewe! Huyu ndiye mwenye miti."

Alinitetea. Ndivyo alivyodhani.

Mchana ule maji hayakutosha kwa waombolezaji, mkaenda kuchimbua kidimbwi. Niliwafuata. Nilisimama chini ya mikaratusi yangu, juu ya majani makavu yanayolia kama karatasi, na ardhi iliyopasuka. Ni mirefu sasa. Ni mizuri, Kageha. Hata wewe huwezi kusema si mizuri. Niliwatazama. Ulikuwa umepandisha sketi, tope hadi mapajani, katikati ya watu wa ng'ambo. Kijana mmoja akakupigia kelele, "Chimba wewe! Ama vidole vya Nairobi vimekatika?"

Ukamjibu papo hapo, "Vyako vilikatika kitambo, ndiyo maana unachimba na mdomo!"

Wote wakaangua kicheko, hata wazee, ingawa tulikuwa na maiti nyumbani. Ulimjibu kwa lahaja ya ng'ambo. Hukuipata kwangu. Nilisogea, nikadhani mtu atanipa jembe. Japheti aliniona. Alikuwa na jembe mkononi. Aliniangalia usoni, akaangalia viatu vyangu, akageuka kumwambia mtoto, "Mletee Mwalimu kiti." Kisha kwangu, kwa upole, "Kaa, Mwalimu. Umechoka na safari."

Niliketi. Niliketi kwenye kiti katika ukingo wangu mwenyewe kama mgeni wa heshima, nikawatazama mkichimba.

Sikukuambia lolote kuhusu siku ile kwa sababu nilidhani hasira yangu ilikuwa juu ya Japheti. Katika wiki hizi saba za kukaa kimya nimekuwa na muda wa kuitazama vizuri, na si hivyo. Ninakuonea wivu wewe. Umekaa pale miezi minne tu, ukapata kile ambacho mimi niliondoka nacho na sikuweza kukirudia kwa miaka thelathini. Hawakukuuliza umetoka upande gani. Ulivua viatu tu. Ni aibu kwa baba kumwonea mwanawe wivu, na nimeiandika hapa nikiwa na akili zangu timamu.

Wiki iliyopita nilimwambia mama yako, ulipokuwa umetoka, "Yule mtu alimchukua mama yangu, na sasa anamchukua mtoto."

Alikuwa anakunja nguo za kupeleka Toi. Hakuinua macho. "Hakuchukua mtu," akasema. "Alibaki, basi. Wewe uliondoka, yeye akabaki. Hiyo ni kuchukua?"

"Huelewi."

"Naelewa sana. Unamwonea wivu mtu ambaye viatu vyake ni vile vya kanisani tu. Andika hiyo barua ya miti, mwalimu, tulale."

Sikuweza kuiandika, na nitakueleza ni kwa nini, nawe utaniona nilivyo. Najua kwamba maji hayatarudi huku miti imesimama. Sijifanyi. Nimeona kwa macho yangu, na afisa wa kilimo amethibitisha. Akina mama wale wanatembea mbali kwa sababu yangu, na Japheti mwenyewe amezeeka, mtungi sasa unamshinda. Kama ungeniuliza darasani, ningekupa jibu kwa sentensi moja. Lakini kule nyumbani hakuna kitu changu kingine kinachosimama. Nyumba ni ya nyanya yako, na sasa ni yako. Shamba limelimwa na wengine. Watoto hawanijui. Wanapotaka kumwelekeza mgeni, husema, "Shuka mpaka kwenye miti ya Mwalimu." Hilo ndilo jina langu lililobaki mlimani. Ikikatwa, hata kwa ubaya sitakumbukwa. Naogopa kwamba mwaka mmoja baadaye maji yatapita pale, watu watafurahi, na itakuwa kana kwamba sikuzaliwa.

Unaweza kusema kwamba hiyo ni sababu ndogo. Nami nasema ni ndogo. Ninaipima kila asubuhi nikiwa kwenye foleni ya maji hapa Mashimoni, mtungi wangu nyuma ya mitungi ya watu wengine, na kila asubuhi bado ni nzito.

Sikupi maagizo. Nitakueleza tu nilivyoujua wivu wangu, ili ukija kwako uutambue mapema kuliko nilivyoutambua mimi. Haukuja hata siku moja ukijitaja kwa jina. Kwenye mkutano ule ulivaa suti na kuzungumza vizuri. Ulipokunyima likizo ulikuwa na ripoti ya shule mkononi. Wakati wote nilijiona mtu wa haki. Kama nilikuwa na dalili yoyote, ilikuwa hii: nilikuwa na sababu nyingi mno, zote zimepangwa, na kila nilipomaliza kuzitoa sikuweza kumtazama mama yangu. Nadhani mtu akiwa na sababu ya kweli humtosha moja.

Na jambo jingine, ambalo si busara, ni hesabu ya mtu aliyekosa. Nilidhani upendo wa mama yangu ni kama maji ya kiangazi, kwamba akichota mwingine mimi nitakuta tope. Kumbe alikuwa akinisubiri. Wewe ndiye uliyeniambia, si usiku wa mazishi bali baadaye, katika wiki hizi za kimya changu, kwamba kigoda kile alikipangusa kila mwisho wa muhula na kumwambia Japheti, "Leo kaa chini, mwanangu, huenda mwenyewe akaja." Na Japheti alikaa chini. Uliponiambia hivyo nilitoka nje kana kwamba naenda kununua mkate.

Kesho utaondoka. Siku ya kuzibua, wewe ndiye utakayevuka kwa ajili ya boma letu, kuzibua ukingo wa kina Japheti. Itakuwa mara ya kwanza tangu baba yangu. Usifanye hivyo kwa ajili yangu, wala kulipa kosa langu, hukulitenda. Fanya kwa kuwa ni zamu yako. Watakapokulisha, kula. Mwite Japheti jina ulilolizoea. Nitajifunza kulisikia.

Watu watakuuliza, "Baba yako amesemaje kuhusu miti?" Usinitetee, wala usiniombee muda kwa sababu ya ugonjwa au kazi. Waambie hajaamua. Ni aibu yangu, niache niibebe mwenyewe.

Ninasikia sauti ya mama yako huko nje, anagombana na mtu wa mkokoteni asije akaangusha cherehani. Lazima nimalize.

Nitaamua kabla ya siku ya kuzibua. Nikishaamua nitaandika, lakini barua hiyo haitakuja kwako. Nitaiandika kwa jina la Japheti, ambaye katika maisha yangu yote sijamwandikia hata salamu. Ikiwa ni ndiyo, ataipeleka kwa chifu. Ikiwa ni hapana, sitataja nguzo wala mbao. Nitamweleza kwa nini niliipanda, kama nilivyokueleza wewe hapa. Kwa vyovyote atajua. Na kwa kuwa yeye hakusoma, atakuletea wewe umsomee. Umsomee yote, taratibu, bila kuruka mahali, hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu.

Ni mimi,
Baba yako